Mwalimu Kitovu na tungamo lisilo na kitovu

Saa nne asubuhi, Jumamosi, darasani hamna mwanafunzi. Mwanamke mwenye viatu vya raba anachora duara kubwa ubaoni, analifuta kwa kiganja, anachora lingine kubwa zaidi. Vumbi la chaki limempanda hadi kwenye nyusi.

Ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Kitovu, na jina amejitakia: kwa miaka sita, akitoka kufundisha, anaandika tasnifu ya uzamivu kuhusu tungamo, yaani wingi wa maada ya kitu, na kitovu chake katika nadharia ya uhusianifu.

"Nilipomwambia mama natafuta kitovu cha nyota, akaniuliza, 'Kwani zilizaliwa na nani, mwanangu?'" anasema, akicheka.

Mama huyo ni fundi cherehani, na binti yake huueleza utafiti wake kwa kitambaa. Kitandaze mezani, kinalala. Kitandaze juu ya kichwa cha mtoto, kinakunjamana.

"Kichwa hukioni, lakini kitambaa kinakisemea," anasema.

Tungamo nalo hulipinda anga. Nyota huiweki kwenye mizani, wala haitoshi kujumlisha vipande vyake, maana mvutano wenyewe una nishati yake. Basi unakwenda mbali, unaizungushia tufe kubwa, unasoma anga lilivyopinda hapo. Kiasi cha mpindo kinakupa tungamo. Upande uliolemea unakuonyesha kitovu.

"Wengine hupima kwa mistari ya vipimo waliyoichora wenyewe angani. Badili mistari, hesabu inayumba. Mpindo haujali mistari ya mtu."

Tasnifu yake ilidai kwamba njia hiyo hutoa kitovu kila mara. Mwezi uliopita, mbele ya jopo la watahini, mzee mmoja akamuuliza: "Na huko mbali, pande mbili za anga zinazotazamana zisipolingana?"

Mwalimu akapiga hesabu palepale. Tufe likakua, tungamo likatulia, kitovu kikahama. Likakua tena, kikahama tena.

Jopo lilipompa mapumziko, msimamizi wake alimvuta koridoni. "Mwalimu, andika tu kwamba zinalingana daima, tumalize. Nani atakwenda huko kukagua?"

Akakataa. Akarudi ndani, akasema: "Hapa kitovu hakijajificha. Hakipo. Nimekula ng'ombe mzima, mkia umenishinda."

Wapo watakaomwita mkaidi. Na wamwite! Nyumba ngapi zimewaangukia watu kwa neno hilohilo, "nani atakagua"?

Ukweli huo una bei. Tasnifu imerudishwa. Asipoisahihisha kabla muhula haujaisha, usajili wake unafutwa, na miaka sita inakwenda na maji.

"Mume wangu dereva wa lori. Akaniambia, 'Mke wangu, hata mbingu unabishana nazo?' Nikamjibu, 'Sibishani, baba watoto. Zimenishinda, nami nakiri.'"

Sasa anaandika upya sura ya mwisho. Tungamo linabaki. Kitovu anakidai pale tu pande mbili zinapokaribia kulingana. Zikaribiane kiasi gani? Hilo ndilo linalomweka ubaoni Jumamosi.

"Nikikipata kipimo hicho, nitasimama tena mbele ya yule mzee," anasema.

Na asipokipata?

"Nitasimama vilevile. Nitamwambia: tungamo hili hapa, kitovu chake sikijui. Cha bandia simpi."