Shahidi wa Moto Juu ya Paa

Mwaka 2014 mama aliumwa mguu, akashindwa kupanda ndege. Rafiki yake wa utotoni, Mama Hansa, Mhindi wa Mombasa mwenye duka la vitambaa Bur Dubai, alikuwa anamwoza bintiye Jyoti. "Nenda ukasimame pahali pangu," mama akaniambia.

Dubai ilinipokea kwa joto la kukaba koo. Kutoka Deira nilivuka mkono wa bahari kwa abra, mashua ndogo ya abiria, hadi lango la jengo lao. Mlinzi alikuwa Barasa wa Bungoma, akafurahi kusikia mimi ni mwandishi kutoka nyumbani.

"Dada, ndani ya fleti moto hauwashwi, king'ora kitalia. Nimewaombea paa kwa bosi. Lakini azana ya Magharibi ikilia, khalas, mwisho!"

Alasiri tulipanda paani, Barasa akitufungulia mlango. Kuhani alipanga kuni ndani ya chombo cha shaba, Mama Hansa akinifasiria. Watu wa kale wa Veda, maandiko ya kwanza ya Wahindu, hawakuwa na mahekalu, alisema; waliabudu kwenye moto, chini ya mbingu. Moto ni Agni, mdomo wa miungu. Samli unayommiminia humfikia Indra mleta mvua, na Varuna anayelinda ahadi. "Bila Agni kushuhudia, mwanangu hajaolewa."

Lakini kuni zilikuwa zimelowa unyevu wa hewa. Moshi tu. Jua likazidi kushuka, Jyoti akazidi kulitazama. Nikainama kama jikoni kwa bibi, nikapuliza. Moto ukalipuka!

Hakuna aliyeshangilia. Kuhani alifumba macho.

"Wee mtoto!" Mama Hansa akanifokea. "Unamtemea mungu mate mdomoni?"

Kuni zikatolewa, zikapangwa nyingine. Nilitamani ardhi inimeze, ila ilikuwa ghorofa sita chini. Mama Hansa akashuka mbio jikoni kwake, akarudi na kipepeo cha ukili, kile cha kuchochea mkaa.

"Pepea. Na ufunge mdomo."

"Mwandishi afunge mdomo?" Barasa akacheka. "Hiyo ndiyo ibada yenyewe!"

Nikapepea mpaka mkono ukafa ganzi. Kaa likaiva, ulimi wa moto ukasimama. Samli ikamiminwa, kila mara kwa neno la kutolea sadaka, "svaha". Maharusi, nguo zao zimefungwa fundo, wakauzunguka moto, wakapiga hatua saba. Ya saba ilipotua, azana ikapanda kutoka msikitini.

Asubuhi ya kuondoka, Jyoti alinikumbatia kwenye lifti. "Ndoa yangu ina mashahidi wawili," akasema. "Agni, na wewe uliyemuudhi."

Ndegeni niliwaza: kwetu moto ni mtumishi, tunaupuliza na kuuzima tupendavyo. Wao humkaribisha kama mgeni, wakamlisha kwanza, ndipo wakamwomba. Nimejifunza kwamba kuna milango ambayo nia njema peke yake haiifungui. Sharti uulize wenyeji hodi hupigwaje.