Filimbi ya Bati Siku ya Kumuaga Binti

Kwetu Waluguru mtoto ni wa mama. Baba mzazi anaheshimiwa, analishwa vizuri, lakini msemaji ni mjomba. Kwa hiyo siku ya kumuaga binti yangu, huko milimani kwa kina mama yake, sikuwa na kazi. Mahari alizungumza mjomba, wageni alipokea mjomba, hata mbuzi alichinjwa kwa amri yake. Binti alishaniona nilivyonuna. “Baba,” aliniambia mapema, “wewe utaniingiza ukumbini kwa filimbi.”

Basi nikapona. Filimbi yangu ni ya bati, ina mdomo wa plastiki, na naitunza kuliko viatu vya sikukuu. Nyumbani Morogoro mjini nikaichovya shingo kwenye maji ya moto gundi ilegee, nikausogeza mdomo kidogo kidogo mpaka sauti ikalingana na kinanda cha mpigaji wetu. Ikakaa sawasawa. Hapo mtu asingeniambia kitu.

Asubuhi ya sherehe, tukiwa huko milimani, ukungu umeshuka, ujinga ukanipanda. Nilitaka filimbi ing'ae mbele ya mashemeji. Nikaisugua kwa majivu kijitoni, maji ya baridi ya kukata vidole, nikaiacha juu ya jiwe ikauke. Bati likipoa sauti hushuka, na mimi nalijua hilo miaka yote. Siku hiyo sijui akili niliipeleka wapi.

Kinanda kikaanza, nikapuliza. Lahaula, ilikuwa chini kabisa ya kinanda, kama mbuzi mwenye mafua. Nikakaza pumzi, ikaruka juu ikapiga yowe. Wanawake wakafunika midomo kwa khanga. Niliona haya, masikio yakawaka moto, nikatamani nisingezaliwa na mdomo. Mjomba akanisogelea, mpole kweli kweli. “Shemeji, pumzika tu. Kinanda kinatosha.” Angenitukana ingekuwa nafuu. Nikaanza kurudi nyuma.

Binti alikuwa bado mlangoni. Mjomba akamwashiria aingie. Hakuinua mguu.

“Mjomba, nisamehe,” akasema. “Namsubiri baba.”

Hapo sikuwa na pa kujificha. Nikafungua koti, nikaibana filimbi kwapani ipate joto, mbele ya ukoo mzima wa mama yake, macho yangu chini, na mjomba naye akasimama akingoja.