Mafundo ya Kikwembe cha Yaya

Kama kuna mutu aliyeomba kusafiri na muke mwenzake, si mimi. Ni bamama wa chama chetu cha kuanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, hapa Baraka upande wa Kongo, ndio waliotuchagua. Mi walinichagua kwa sababu nilifika sekondari na najua kuandika. Yeye, muke mukubwa wa bwana wetu, kwa sababu ameshika samaki miaka mingi kuliko sisi wote. Wapo waliocheka: mutu asiyejua kusoma hata jina lake anakwenda kujifunza nini ng'ambo? Aliwasikia. Nilimwona akikaza kikwembe chake, kitambaa cha kujifunga, kiunoni.

Safari ilikuwa ya Kigoma, upande wa Tanzania, siku nne. Kule bamama hawaaniki ndagala juu ya mchanga kama sisi. Wanaanika juu ya meza ndefu za waya, wanaziita vichanja. Mvua ya mwaka jana ilituozeshea samaki mchangani mpaka tukawamwagia bata. Sasa mvua ilikuwa inakaribia tena, na chama kilikuwa na mbao na waya wa meza moja tu. Tukikosea vipimo, basi, tumekwisha.

Miaka tisa tulikuwa tumekaa uwanja mmoja, kila mmoja na jiko lake. Mi namwita yaya, ndiyo dada mukubwa, yeye ananiita mudogo, tunasalimiana vizuri. Lakini kushikana mikono? Wapi!

Kigoma, mama aliyetupokea alitusimamisha mmoja upande huu wa kichanja, mwingine upande ule, tugeuze ndagala pamoja. Daftari langu lilijaa: chumvi kiasi gani, wageuzwe mara ngapi, namna ya kumvunja samaki mmoja ili usikie kama amekauka. Vipimo vya meza sikuandika. Nilijiambia nimeviona kwa macho, inatosha. Kichwa changu hiki!

Asubuhi ya kurudi, yaya alikwenda kumuaga mwenyeji. Kwetu mudogo ndiye anayefua nguo za mukubwa safarini, hata kama hawapendani sana, na mi sikutaka ashuke Baraka akinuka samaki. Nikachukua kikwembe chake. Pindoni kilikuwa na mafundo mawili. Nikajua ni vijisenti, kwani ni mama gani kwetu hafungi hela kwenye pindo? Nikafungua, hamna kitu. Nikacheka peke yangu, nikafua, kikakauka, nikakikunja vizuri.

Tulipokuwa kwenye boti, milima ya Ubwari, upande wa kwetu, ikiwa mbele yetu, akakikunjua. Akapitisha vidole pindoni toka mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Akauliza nani amefungua. Nikasema ni mi, wakati wa kufua.

"Mudogo," akasema, "ile ndiyo ilikuwa daftari yangu."

Kutoka ncha ya kikwembe mpaka fundo moja ulikuwa urefu wa meza toka chini, mpaka la pili upana wake. Alikuwa amepima wakati mi naandika mambo ya chumvi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwomba musamaha. Akajifunga kikwembe chake, akageukia ziwa mpaka tukashuka.

Bamama walikuwa wanatungoja ufukoni pamoja na seremala na msumeno wake. Seremala akauliza upana. Na upana ndio kila kitu: meza ikizidi, mikono haifiki katikati, samaki wa katikati wanaoza. Mi nikafungua daftari, kana kwamba maneno yatajiandika. Wale waliocheka wakaanza kumwangalia yaya. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasema mbele ya wote kwamba yaya alipima, na mi ndiye niliyeharibu.

Yaya akanigeukia. Halafu akaniuliza kama nakumbuka vidole vyetu vilivyokuwa vinagongana katikati ya kichanja tukigeuza. Ningesahau vipi? Kila mara nilikuwa navirudisha haraka. Na ukingo wa meza ulikuwa unatugusa tumboni, yeye kule, mi huku.

Akanisimamisha mbele yake pale mchangani, akainama kidogo, akanyoosha mikono. Nami nikanyoosha. Vidole vilipokutana, kwa mazoea nikavuta vyangu.

"Usirudishe mikono," akasema. "Ukirudisha, meza itakuwa ndogo."

Nikaiacha. Seremala akapima kutoka tumbo la yaya mpaka langu, bamama wakicheka, safari hii kicheko kizuri. Urefu wa kutoka chini yaya akauonyesha mwenyewe, chini kidogo ya kitovu chake.

Mvua ilikuja wiki ya pili. Tulifunika meza kwa turubai, jua likitoka tukafunua, na ndagala walikauka mpaka wakawa wanalia kwenye meno. Leo meza zetu ni sita. Seremala ana mita yake ya chuma, lakini kila meza mpya bamama hawakubali mpaka sisi wawili tumesimama tukanyoosha mikono. Seremala akishamaliza kupima, huwa hatuachiani mikono mara moja.