Herufi T kwenye Kioo cha Dirisha

Kidole kikipita kwenye kioo chenye ukungu hutoa mlio kama wa kifaranga. Mlio huo ndio unaoniamsha siku hizi hapa mjini, mtaa wa Bulyaga, katika nyumba niliyoijenga kwa jasho langu, yenye vioo vipana kuliko vya jirani yeyote. Hata kabla sijatoka kitandani najua: dada yangu Tusekile ameamka, na kwenye dirisha la sebuleni kuna herufi T.

Niwaambieni kwanza mimi ni nani, msije mkadhani anayeongea ni mtu wa hivi hivi. Nilitoka kijijini kwetu Suma na sanduku la bati, nikarudi na Diploma ya Ugavi, ya kwanza katika ukoo wetu. Imetundikwa ukutani mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Lakini pamoja na diploma hiyo, kuna maswali ya utotoni ambayo mpaka leo nayazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi.

Siku ya kuandikishwa shule, mama alitupeleka wote wawili. Tusekile ni mkubwa kwangu, lakini alichelewa kutembea, akachelewa na kusema, kwa hiyo mama alikuwa amemweka nyumbani akimsubiri. Ilinyesha ile mvua yetu ya Rungwe isiyojua kukata, na ofisi nzima ilinuka moshi na makoti yaliyoloa. Kipimo kilikuwa kimoja tu: pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Tusekile, mwenye mikono mirefu kama ya baba, alilishika sikio, akalivuta, akacheka. Mimi nilijua kuhesabu, na siku za juma nilizitaja bila kupumua, lakini vidole vyangu viliishia kwenye nywele.

"We Gwakisa, rudi nyumbani ukakuze mkono," mwalimu alisema, na wazazi wote wakaangua kicheko.

Nililia njia nzima. Sikio lina habari gani na kusoma?

Mwaka uliofuata mkono ulikua, nikaingia darasa la kwanza, na nikamkuta Tusekile kwenye dawati la mbele, palepale alipoachwa na wenzake.

Mwalimu alimwita mvivu. Baba alimwita mkaidi. Majirani walisema mama alikula mayai akiwa na mimba, na tangu hapo nikawa nawatazama kuku wetu kwa mashaka. Nilichanganyikiwa. Kama alikuwa mvivu, mbona ndiye aliyetangulia kuamka na kufagia uwanja? Kama alikuwa mkaidi, mbona alilia akikosea? Ukimtuma maji na kuni, alileta maji, kisha akasimama mlangoni akikutazama usoni, kama vile kile kilichobaki kimeandikwa pale.

Mwishowe baba alitoa hukumu. "Shule ikifungwa hajui kuandika jina lake, basi. Atabaki hapa achume chai na mama yake."

Nanyi mjue jambo hili: Tusekile aliipenda shule kuliko mimi. Alilala na sare.

Nikajifanya mwalimu. Ubao wetu ulikuwa udongo mweusi chini ya migomba, kalamu yetu kijiti. Leo aliijua T, kesho haijui, keshokutwa anaijua tena. Nilimpigia kelele, naye akaniletea kijiti kipya, akidhani kile cha zamani ndicho kilichoniudhi. Hatimaye T ilituama. Nikatamba shuleni kwamba nimefundisha.

Jumapili ya mtihani, baba alitoka kanisani akasimama uani na koti lake. "Haya, Tuse, mwanangu. Tuandikie jina."

Tusekile alipiga magoti, akachora T iliyonyooka. Akainua uso akicheka.

"Endelea."

Akachora T nyingine. Na nyingine, mpaka zikawa mstari mzima.

"Gwe, mwana," baba alisema taratibu, "hiyo ni T tu."

"Ni mimi," Tusekile akasema.

Mama akaingilia. "Baba Tuse, huyu alichelewa kutembea, akatembea. Alichelewa kusema, akasema. Mgomba hauvutwi majani ili ukue. Na hili litakuja."

"Litakuja na treni gani?" baba aliuliza, lakini hakucheka.

Jumatatu nilikwenda shule peke yangu. Yeye alisimama njiani na sare yake. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumvua.

Miaka mingi baadaye, nilipompeleka mwanangu kuanza shule hapa mjini, niliongea na mwalimu wa elimu maalumu. Alinieleza kwa maneno mepesi kwamba kuna watoto ambao akili zao hukua kwa mwendo wao. Wanahitaji jambo moja kwa wakati mmoja, na mtu asiyechoka kurudia. Si uvivu wala ukaidi. Wala mayai, nikajiongezea moyoni. Nilimuuliza kama baba alikosea. "Baba yako alitumia kipimo alichokijua," akanijibu. Nikakumbuka sikio. Kipimo kile kilinirudisha mimi niliyekuwa tayari, kikampitisha aliyehitaji kusubiriwa. Kisha kipimo cha jina kikamtoa ndiyo kwanza ameanza. Mbona hatukuiona T? Ilimgharimu zaidi ya diploma yangu, nami najua diploma yangu ilivyonigharimu.

Kwa miaka yote niliamini somo letu liliishia uani siku ile. Jana asubuhi nilitoka na kikombe changu cha chai, nikakuta kwenye kioo T, na ubavuni mwake kitu kilichopinda kama bakuli. U. Nilimuuliza mwanangu, akaapa kwamba hakumfundisha. Mke wangu naye hakujua.

"Tuse, hii ni nini?"

Aliacha kufagia, akakitazama kioo kwa makini.

"Ni mimi," alisema. "Lakini bado."