Aliyelipa Hatajwi

Mwanangu wa kwanza alitoka tumboni kwa kisu cha daktari, na mimi nikatoka hospitali kwa kalamu. Ya kisu nimeshayasahau. Ya kalamu bado nayacheka, nikiwa peke yangu.

Kwetu Wabarbaig mwanamke akishaolewa hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji mbele yake, halitaji nyuma yake, halitaji hata akikanyaga mwiba porini. Na maneno yanayofanana na jina hilo nayo yanaachwa, ndiyo maana nilipoolewa kijijini Hirbadaw nilitumia miezi ya mwanzo kujifunza kuongea upya, mimi niliyemaliza kidato cha nne na kusifiwa shule nzima kwa kusoma kwa sauti. Sikuona ubaya. Nyumbani kila mtu anajua unamsema nani, hakuna anayekuuliza mara mbili. Hata hapa sitaliandika, kwa hiyo usilisubiri.

Asubuhi ya kuruhusiwa nilikuwa na furaha yote ya mtu anayerudi kwake. Kidonda kilikuwa kinavuta lakini natembea. Mama mkwe alikuwa amembeba mtoto ndani ya shuka, amemfunika hadi pua, na nje kulikuwa na gari la abiria, Noah ya njia ya Masakta, tuliyoikodi na wenzetu wawili, dereva anapiga honi kama vile yeye ndiye amezaa. Mume wangu alikuwa mbali na ng'ombe, kusikokuwa na mtandao. Mambo yote ya malipo aliyachukua baba mkwe, na jana yake alikuwa amekuja mwenyewe kuyamaliza.

Alikuwa ameuza dume lake mnadani. Si dume lolote. Ni lile jekundu lenye pembe moja iliyoinama, alilokuwa akiliimbia jioni akidhani hatusikii. Alilipa dirishani, akamwangalia mjukuu wake kwa mbali, akasema "vizuri", akaondoka kwa sababu ng'ombe hawasubiri mtu.

Basi nikaenda dirishani kuchukua kibali cha kutoka. Mhasibu alikuwa dada mmoja mgeni wa mkoa, wa Tanga kwa lafudhi yake, mpole na mwenye miwani. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akanigeukia.

"Jina la mgonjwa. Majina matatu."

Nikampa langu, la baba yangu na la babu yangu. Akabonyeza kompyuta, akatikisa kichwa.

"Hujalipiwa, dada."

"Nimelipiwa jana."

"Risiti iko wapi?"

"Anayo aliyelipa."

"Yuko wapi?"

"Kwa ng'ombe."

"Mpigie."

Nikamweleza kwamba baba mkwe huwasha simu akiwa na la kusema, na akishalisema huizima ili isichoke. Dada akavuta pumzi.

"Wenye jina la kwanza kama lako wako wengi humu, siwezi kubahatisha na pesa za watu. Nitajie aliyelipa, nimtafute."

"Baba mkwe wangu."

"Anaitwa nani?"

"Baba mkwe."

Akavua miwani. "Dada, wakwe waliolipa jana ni wengi."

Nikamweleza mila yetu, taratibu, kama nilivyokueleza wewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema bila ubaya wowote kwamba ameona wengi wanaosahau majina wakifika pale dirishani. Hapo hasira ikanipanda hadi kidonda kikagonga. Yaani nimedanganya. Yaani dume jekundu liliuzwa kwenye ndoto. Na nilichoogopa zaidi si kulala tena hospitali. Nilimwogopea yule mzee. Akisikia pesa yake haionekani hatabishana na mtu. Atanyamaza, na kesho yake atautoa mtamba wake bora kwenda mnadani, alipe mara ya pili, na wala hatanilaumu. Hiyo ndiyo tabia yake, na mimi nisingeweza kuivumilia.

Dada akamgeukia mama mkwe. "Mama yangu, nisaidie wewe. Mumeo anaitwa nani?"

Mama mkwe akamtazama kama mgeni aliyeomba kuonyeshwa chumba cha kulala. "Huyo," akasema.

"Huyo nani, mama?"

"Huyo mwenye boma."

Foleni nyuma yetu ilikuwa imeacha kulalamika, sasa inasikiliza. Mzee mmoja Mwiraqw kutoka kijiji cha Daudi, aliyekuja kumlipia dada yake akiwa na kapu la vitunguu saumu mkononi, akasogea mbele.

"Nyie majirani zetu mna mambo," akasema. "Lakini mimi nimefanya biashara Hirbadaw muda mrefu, nawajua wazee wa kule. Nitataja mmoja mmoja, wewe utikise kichwa tu."

Likaonekana wazo zuri. Wanaume wa kwetu karibu wote majina yao yanaanza sawasawa, kwa hiyo alikuwa kama mtu anayejaribu funguo za mlango mmoja. Akataja wa kwanza, wapi. Wa pili, wapi. Akamtaja mmoja aliyekwishafariki, watu wakamwonya. Halafu kwa sauti kubwa akamtaja kaka mkubwa wa baba mkwe, ambaye naye kwetu hatajwi. Mama mkwe akajifunika kichwa kwa shuka pamoja na mtoto, mtoto akaanza kulia.

"Ndiye huyo!" akasema mzee wa Daudi, akiwa amefurahi.

"Siye," nikamjibu. "Lakini usirudie."

Mhasibu akajaribu njia nyingine. Jina lina maana? Lina maana, nikasema: alipozaliwa walifika wageni. Akaandika Mgeni kwenye kompyuta yake, akampata mzee mmoja wa pwani aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri. Nje honi ikapigwa tena, ndefu. Nikahisi machozi ya hasira yanakuja na sikutaka mtu yeyote ayaone.

Ndipo dada akasukuma karatasi na kalamu chini ya kioo. "Andika basi. Kuandika siyo kutaja."

Nikaitazama ile kalamu. Hakuna aliyewahi kuniambia kama ni kutaja au siyo. Wazee waliopanga mambo haya hawakuwa na kalamu, na hawakuacha neno lolote juu yake. Nikamgeukia mama mkwe, kwa sababu pale yeye ndiye alikuwa mahakama.

Akafikiri, akimtikisa mtoto. "Ukiandika, mdomo unacheza?"

"Hauchezi, mama."

"Na huyu atasoma kwa sauti?"

"Nitasoma kimya, mama," dada akajibu haraka. Alikuwa ameshaanza kuelewa.

Mama mkwe akamhamisha mtoto mkono wa pili. "Mimi sijui kusoma," akasema. "Na macho yenyewe leo yananiwasha." Akageukia ukuta, palipobandikwa picha ya kufundisha kunyonyesha, akaitazama kwa makini kama anayemjua yule mama.

Nikaandika. Shuleni nimeandika insha za kurasa nzima bila kuinua kichwa, lakini jina lile moja lilinitoa jasho. Nilibana midomo mpaka meno yakauma, isije ikaniponyoka hata herufi. Nikaikunja karatasi kama ya kupigia kura, nikairudisha chini ya kioo.

Dada akafungua, akabonyeza, akangoja. Akaniangalia, akaangalia kompyuta, akaniangalia tena.

"Pesa ipo yote," akasema. "Ila hili jina haliko kwa aliyelipa tu. Liko na kwa mgonjwa."

Akaigeuza kompyuta nione. Mwanzo lilikuwepo jina langu. Baada yake lilifuata jina nililotoka kuliandika, na baada yake la baba yake. Pembeni, palipoulizwa mgonjwa ni nani wa mlipaji, palijazwa neno moja: binti.

Kwanza nilidhani wamekosea. Halafu nikaelewa. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa msichana mdogo, na tangu hapo popote nilipoulizwa mlipaji wangu ni nani nilizoea kuangalia chini. Sikuwa nimemwambia baba mkwe jambo hilo hata siku moja. Ningelisemaje, wakati hata kumwangalia usoni ni kwa adabu. Nikalia pale dirishani mbele ya foleni nzima.

"Kidonda kinauma?" dada akaniuliza.

"Kinauma," nikasema.

Akachapa kibali, akakishika mkononi bila kunipa, akaanza kuona haya. "Samahani, dada. Utaratibu ni kwamba mgonjwa anathibitisha kwa mdomo majina yake matatu."

Mzee wa Daudi ndiye aliyecheka wa kwanza, kapu likamwanguka na vitunguu saumu vikatawanyika sakafuni. Mama mkwe akauliza nini kimetokea, nikamweleza sikioni, naye akarudi kuitazama ile picha ukutani huku mabega yakimtikisika. Dada akasema basi, amethibitisha yeye.

Jioni tulipofika nyumbani, baba mkwe alisimama nje ya nyumba, kwa mbali inavyotakiwa kwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Nikamwamkia kutoka ndani.

"Marahaba. Walikusumbua?"

"Hapana, baba."

Nilisikia kengele za ng'ombe zikiingia zizini, pungufu moja.

"Yule kijana wa dirishani jana aliniuliza mgonjwa ni nani wangu," akasema. "Nikamwambia. Nilikosea?"

"Hukukosea, baba."

Akaenda zake kwa ng'ombe. Risiti alimpa mama mkwe, naye akanipa mimi, na ninayo hadi leo kwenye begi la nguo za mtoto. Jina langu kamili liko pale, majina yote matatu, na sijawahi kulitamka.