Kikombe cha Bwana Maji

Watu wa Kichochoro cha Cutler hawakumwita Obadiah Purkiss kwa jina lake. Walimwita Bwana Maji, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilobatizwa nalo. Alikuwa mfungulia maji wa kampuni, upande wetu wa mashariki ya London. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili alipita na ufunguo wake begani, chuma kirefu chenye mpini kama msalaba, akauchomeka kwenye tundu katikati ya mawe ya barabara na kuuzungusha kwa nguvu za mwili mzima. Hapo bomba letu moja, lililosimama ukutani karibu na choo, lilikohoa, likatema kutu, kisha likatoa maji. Tulipewa nusu saa. Ukichelewa, ulimwomba jirani au ulimeza mate yako mpaka kesho.

Mwenye ufunguo wa maji hapendwi na wengi. Huyu tulimpenda, na sababu haikuwa siri. Kwenye vichochoro vingine alifunga nusu saa ikiisha, hata kama ndoo ya mtu haijajaa. Kwetu alikaa, akauliza hali za watu, akajifanya ufunguo umekwama.

"Bwana Maji, umekwama tena leo?" Mama Heggarty alimtania kila siku. Huyu alikuwa Mwairishi wa chumba cha juu yangu, mwenye watoto wengi na mdomo usiolala.

"Umeshika kutu, mama. Nifanyeje?"

"Ungeshika kutu hivyo kule mtaa wa pili, si wangekuwa na bahari yao."

"Wewe jaza ndoo, wacha kelele."

Wote tulijua tunakunywa kwa hisani ya Kezia. Kezia alikuwa binti yake, na alikaa pale kichochoroni kwetu. Mke wa Obadiah na watoto wake wengine walikuwa wameshazikwa, huyu kwa homa, yule kwa surua, yule kwa kikohozi, kama ilivyokuwa nyumba nyingi za kwetu. Alibaki Kezia peke yake. Aliolewa na Amos, baharia wa meli za makaa, ambaye alionekana nyumbani mara chache kuliko askofu. Na mwaka ule wa kipindupindu Kezia alikuwa na mimba yake ya kwanza.

"Mama Crouch," Obadiah aliniambia siku moja, akiwa ameegemea dirisha langu, "mtoto huyu akizaliwa hai, na mama yake akabaki hai, mimi sina ninachomdai Mungu tena."

Nilikuwa nazungusha mashine yangu ya kukamulia nguo, ile ya magogo mawili, ndiyo iliyonilisha. Dirisha langu lilitazama bomba, kwa hiyo niliyoyaona ni mengi kuliko niliyoyataka. Nilimwambia kwamba Mungu hapangiwi. Alicheka, lakini macho hayakucheka.

Mimi nilikunywa chai mchana kutwa, nyeusi kama dawa ya viatu, maana kazi ile hukausha koo. Nadhani ndiyo sababu niko hai, si kwa wema wangu. Kezia chai ilimshinda.

"Baba, nikinusa tu majani ya chai, tumbo linapanda kooni."

"Basi kunywa maji, mwanangu. Maji hayajamtapisha mtu."

Obadiah alikuwa na kikombe cha bati kilichoning'inia mshipini. Akishafungua bomba, aliacha kutu itoke, kisha akakinga kikombe cha kwanza, kwa sababu maji ya kwanza baada ya kutu ndiyo ya baridi kuliko yote, akampelekea Kezia kizingitini mwake. Hakuna aliyeweka ndoo kabla ya kikombe kile. Mama Heggarty alisema binti wa Bwana Maji anakunywa kama farasi wa mkokoteni wa bia, na Kezia alicheka mpaka akashika kiuno.

Siku moja ya joto, mwanzoni mwa kiangazi, bomba lilikwama kwelikweli. Obadiah alilipiga ngumi, likatetemeka, likamtoa samaki. Alikuwa mkunga, yule samaki wa umbo la nyoka, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko, mzima, anajinyonganyonga kwenye mawe. Watu walicheka mpaka machozi.

"Kampuni imetuongezea kitoweo," Mama Heggarty akasema, akamviringisha kwenye aproni. Jioni ile alimchemsha na siki, akawalisha wanawe. Mwenye njaa hana miiko, na kwetu mkunga si mwiko hata kwa aliyeshiba.

Obadiah peke yake hakucheka. Alikuja dirishani kwangu.

"Mama Crouch, yule mkunga ametoka mtoni."

"Kwani maji ya kampuni hayatoki mtoni?"

"Yanatoka mtoni, lakini yanachujwa. Yanapita kwenye mchanga wenye kina cha kumzika mtu amesimama. Mkunga atapitaje mchangani?"

"Unaniuliza mimi mkamua nguo? Kawaulize wanaokulipa."

Akawauliza. Msimamizi wake alimjibu mbele ya wenzake wote. "Yai ndilo lililopenya, Purkiss. Samaki amekulia bombani. Au unataka kuwafundisha mainjinia kazi yao?" Obadiah alirudi amenyooka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kila aliyemuuliza habari za mkunga alisimuliwa habari za yai. Nasi tuliamini. Sitajifanya mwerevu leo, hata mimi niliamini.

Ukweli ulikuja kujulikana baadaye, wenye kuuhitaji wakiwa wameshafukiwa. Kiangazi kilikuwa kikavu, na maji ya kwenye mabwawa yaliyofunikwa hayakutosha. Wakubwa walifungulia bwawa la zamani lililo wazi, ambalo mto ulikuwa ukilipenya, mto uleule tuliomwagia vyoo vyetu vyote. Yakaletwa hivyohivyo, bila mchanga. Nasema wakubwa kwa sababu hata leo sijaonyeshwa uso wa hata mmoja, na ningeonyeshwa, Mungu anisamehe, ningemnywesha.

Kipindupindu kilianzia mitaa ya bandarini, kikapanda. Siku zile kila mtu, hata padri, alijua kwamba ugonjwa hukaa kwenye harufu. Basi tukapigana na harufu. Tulipaka chokaa kuta zote, tukachoma lami kwenye makopo, tukafagia mfereji mpaka ukang'aa. Chumba cha Kezia Obadiah alikipaka chokaa kwa mikono yake, dari na sakafu, mpaka Kezia akalalamika kwamba analala ndani ya yai. Kichochoro chetu hakijawahi kunukia vizuri namna ile, nasi tukajisifu.

Kisha likabandikwa tangazo ukutani. Nililisoma kwa sauti, maana wengi hawakujua kusoma. Lilisema maji yote ya kunywa yachemshwe kwanza.

"Kuchemsha!" Mama Heggarty akasema. "Makaa watanunua wao? Joto hili, chumba kimoja, watu wanane, niwashe moto ili nife mapema?" Akamgeukia Obadiah. "Bwana Maji, wewe ndiye mwenyewe. Hebu sema. Haya maji yana nini?"

Watu walimkodolea macho, ndoo mikononi. Nilimtazama uso, na nina hakika yule mkunga alimpitia moyoni saa ile. Kisha akamtazama Kezia, aliyekuwa amekaa kizingitini, miguu imevimba, anamngoja. Nadhani alishindwa kumtazama mwanawe na kumfikiria mkunga kwa wakati mmoja. Akakichomoa kikombe mshipini, akakinga, akanywa mpaka chini, akakipindua watu waone hakikubaki tone.

"Mimi nakunywa," akasema. "Na mwanangu anakunywa."

Akakinga tena, akampelekea. Kezia alikunywa chote, akajifuta mdomo, akaomba kingine. Watu wakajaza ndoo zao wakaenda. Mama Heggarty alimkonyeza Obadiah akamwambia, "Sasa hapo umenena," na tangazo lile likageuka kitu cha watoto kurushia matope.

Watoto wawili wadogo wa Mama Heggarty ndio waliotangulia kufa. Kezia alianza kuugua alfajiri iliyofuata.

Kipindupindu hakimchukui mtu, humkamua. Mimi niliyekamua nguo kwa riziki najua ninachosema. Mpaka saa sita mchana yule msichana aliyekuwa akicheka kama kengele alikuwa na uso wa bibi kizee, kucha za buluu, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Na kiu. Hakuomba kitu kingine duniani.

"Baba, maji. Yale ya baridi."

Obadiah alikimbia barabarani akafungua saa isiyo yake, jambo la kufukuzwa kazi, akaacha kutu itoke, akakinga. Kezia alikunywa, akatapika, akaomba tena. Naye akakimbia tena. Nilikuwa nimekishika kichwa cha Kezia mapajani mwangu, na kila alipoingia na kikombe nilimwinua anywe. Nani angemnyima?

Daktari wa parokia aliingia, kijana ambaye macho yake yalionyesha hajalala. Akakiona kikombe.

"Anakunywa haya?"

"Ndiyo, daktari. Nimeyafungulia sasa hivi. Hata hayajatulia."

"Yamechemshwa?"

Obadiah alikitazama kikombe. Yule kijana hakumfokea. Alimwekea mkono begani, akaacha kichupa cha dawa, akatoka kwa sababu chumba cha jirani walikuwa wanamwita. Afadhali angemtukana.

Kezia alifariki kabla ya jioni, na mtoto ndani yake. Parokia ilimzika haraka, pamoja na wengine, na baba yake hakuruhusiwa hata kumwosha. Amos alirudi na meli yake baadaye, akakuta watu wengine wanaishi chumbani mwake, akasimama pale kichochoroni na mzigo wake, akageuka akaondoka.

Asubuhi ya pili baada ya mazishi Obadiah alikuja na ufunguo. Watu walitoka na ndoo, kwani wangepata wapi maji mengine? Hakuna aliyetania. Mama Heggarty aliweka ndoo yake chini.

"Fungua," akasema.

Alifungua. Akasema, sauti chini, "Chemsheni, jamani. Chemsheni."

"Sasa ndiyo unasema," Mama Heggarty akamjibu. Hakumtazama. Wala hakumtazama tena mpaka alipohama kichochoroni.

Na baada ya kusema chemsheni, Obadiah alikinga kikombe kilekile akanywa maji mabichi, mpaka chini. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Nikashindwa kuvumilia, nikatoka.

"Obadiah, unamwonyesha nani? Hakuna anayekuuliza tena."

"Simwonyeshi mtu."

"Basi unatafuta kufa."

"Bomba moja, kikombe kimoja," akasema. "Yeye yamemchukua, mimi yananipita tu. Kwa nini, Mama Crouch?"

Jibu sinalo mpaka leo, na simwamini anayesema analo. Wiki zile tulizika watu mtaa kwa mtaa, na mtu aliyekunywa kuliko wote hakuumwa hata tumbo. Alikunywa kila asubuhi mbele ya dirisha langu kama mtu anayemgonga mwenye nyumba asiyetaka kufungua.

Majani yalipoanza kuanguka, ugonjwa ulipungua. Magazeti yalikuwa yamepiga kelele, bwawa la wazi likafungwa, mchanga ukarudi. Msimamizi aliwaambia vijana wake sasa wanaweza kutembea kifua mbele.

Asubuhi moja ya baridi Obadiah alifungua bomba, akaacha kutu itoke, akakinga kama kawaida. Siku ile hakunywa kwa mkupuo. Alionja kidogo, akasimama, akaonja tena. Kisha akaja dirishani akaninyooshea kikombe.

"Onja."

Nilikuwa nimeapa sitayatia kinywani tena maji mabichi ya kampuni. Lakini huwezi kumkatalia mtu mwenye uso ule. Nikaonja. Yalikuwa baridi, mepesi, hayana harufu wala ladha yoyote.

"Ni mazuri," nikasema.

"Ndiyo." Akakichukua kikombe, akayamwaga yaliyobaki kwenye mawe. "Haya ndiyo maji niliyomwambia Kezia anakunywa."

Akaenda kufunga. Nusu saa yetu ilikuwa imekwisha, na kwa miaka yote aliyobaki kazini ufunguo wake haukukwama tena.