Farasi Aliyetolewa Mapema

Fundi wa sare za shule alijifunza sataranji akiwa na miaka arobaini na sita, mguu ukiwa kwenye plasta na cherehani yake ya kukanyaga imekaa bure kwenye kona. Aliyemfundisha ni shemeji yake, kaka wa mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu wa kupima neno kabla ya kulitoa. Plasta ikatoka, mchezo ukabaki. Kila mchana fundi alifuta vidoleni chaki ya kuchorea vitambaa, akacheza kwenye simu na watu asiowajua.

Siku moja akapangiwa mchezaji aliyemzidi mbali. Katikati ya mchezo akamtoa farasi bure, kisha ngome, ili tu kuwaondoa askari waliomkinga mfalme wa mwenzake. Yule mtu alifikiri dakika nne nzima, akaila ngome, na baada ya hatua sita mfalme wake hakuwa na pa kukimbilia. Fundi alicheka peke yake mpaka mteja aliyekuja kupimwa suruali akauliza kulikoni.

Jumapili akampelekea shemeji mchezo wote, ameuandika kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Alitaka sifa, wala hakuficha. Shemeji akazipanga kete, akarudia hatua moja moja. Kisha akasema taratibu, kama anayeomba radhi, "Angeiacha ngome, akamsogeza mfalme pembeni hatua moja, ulikuwa umekwisha, shemeji."

"Niliiona hatua hiyo," fundi alisema. "Lakini nilikuwa nimeshainua kidole kwenye simu. Zile dakika nne nilitoka jasho la miguu."

Shemeji akacheka, akakiri kwamba yeye asingethubutu. Maishani mwake hajawahi kutoa hata askari mmoja bila kujua atapata nini. Wakainamia ubao mpaka chai ikapoa. Ni fundi aliyeona njia: askari wa pembeni atangulie kuziba lile tundu la mfalme kukimbilia, ndipo farasi atolewe. Shambulio lilikuwa zuri, ila liliwahi kwa hatua moja.

Wiki tatu baadaye akapata nafasi ya kufanana na ile. Akamtanguliza askari, akamtoa farasi, na safari hii akafungwa, kwa kosa jingine kabisa. Akampigia shemeji kumweleza. Shemeji akamwambia aje amwonyeshe kabla hajasahau, naye fundi akafunga duka mapema.